Nakala kwa Marehemu

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe kumi na saba Julai, baada ya swala ya Alasiri, barazani kwa mzee Khamisi, Kiongoroni. Mpaka siku hiyo Sadala alikuwa mtu aliyefiwa na mke, basi. Tangu siku hiyo akawa mtu aliyefiwa na mke, tena aliyemwaibisha mwanamke mwingine, na aibu hiyo aliisababisha kwa neno moja.

Jibu la posa huko visiwani mposaji halifungui mwenyewe. Hufungua wazee waliopeleka posa, mbele ya mashahidi, likasomwa kwa sauti, watu wakaitikia. Ndivyo walivyofanyiwa baba zao, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake, kwa kuwa majibu ya siku zote yana mistari mitatu: salamu, tumeridhia, njooni siku fulani.

Bahasha ya Zamda, mwanamke wa Kibiti aliyeposwa kwa ajili ya Sadala, ilikuja na boti ya asubuhi kutoka Nyamisati. Bahasha ndefu ya kaki, ya zile za ofisini. Juu yake yaliandikwa maneno manne kwa kalamu nyekundu: *Afungue mwenyewe peke yake.*

Mzee Khamisi, baba mdogo wake Sadala, aliyatazama maneno yale akayarudia kuyatazama.

"Mwenyewe nani?" alisema. "Posa nimepeleka mie. Mwenyewe ni mie."

Akaichana. Akampa mwalimu Abbasi wa madrasa, mtu mwenye sauti na anayejua mashairi ya kale kwa moyo, asome. Mwalimu Abbasi akakohoa, akasoma:

*Kumb. Na. 7*
*Kwa Ndugu Sadala, Kiongoroni.*
*YAH: MKONO WAKO WA KUSHOTO*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*
*Mara saba umeuweka juu ya meza yangu*
*ukasahau kuuondoa.*
*Mara ya kwanza ulikuwa na matope.*
*Mara ya tatu nilizima feni, nikasema ni kwa ajili ya karatasi.*
*Mara ya tano mashine haikuwa mbovu.*
*Mara ya sita sikuandika tarehe, ili urudi.*
*Ofisi hii haina majibu ya barua zako.*
*Ofisi hii ina kiti.*
*Mguu mmoja wa kiti ni mfupi, umewekewa kigae.*
*Anayekaa huyumba kwanza, kisha hutulia.*
*Naomba kuwasilisha.*
*Zamda.*

*Nakala: Mwanamina binti Abdulaziz, kwa taarifa na kwa ruhusa.*

Mwanamina binti Abdulaziz alikuwa mke wa Sadala, na alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa, hatua mia mbili kutoka pale walipokaa.

"Soma tena hapo mwisho," alisema mzee Khamisi.

Mwalimu Abbasi akasoma tena, sauti imepungua.

"Huyu mwanamke ana akili zake?" mzee mmoja aliuliza. "Anamwandikia maiti?"

"Na mkono wa kushoto," alisema mwingine. "Wa kutawazia. Umeposa mtu, anakujibu habari za mkono wa kutawazia."

"Nyuma ya karatasi ameandika hili ni shairi," alisema mwalimu Abbasi, akaigeuza karatasi kama anayetafuta kilichoanguka. "Shairi lina vina. Shairi lina mizani. Hii nimehesabu, mstari mmoja mizani kumi na nne, mwingine ishirini na moja, mwingine tisa. Vina sivioni. Hii ni barua ya wilayani. Na barua za wilayani tunazijua."

Walizijua. Sadala alizijua kuliko wote. Usiku ule Mwanamina aliposhikwa na uchungu, boti ya zahanati ilikuwepo, injini ilikuwepo, mafuta yalikuwepo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mkubwa mmoja aliyekwenda semina ya uzazi salama. Sadala alipiga kasia kutoka Kiongoroni mpaka pale mkewe alipoacha kumjibu, akaendelea kupiga, maana hakujua afanye nini kingine. Baada ya hapo aliandika barua saba za malalamiko, kwenda ngazi saba. Majibu yalirudi matatu, yote yameanza na husika na kichwa cha habari hapo juu, na yote yalisema shauri lako linashughulikiwa. Wenye vyeo wamejaliwa jambo hilo: wanakuua kwa ufunguo, kisha wanakuzika kwa karatasi.

"Tumekataliwa," mzee Khamisi alihukumu. "Tena kwa kebehi. Nampigia kakake sasa hivi. Posa tumeirudisha sisi, wasije wakasema wametutema wao."

Wote walimgeukia Sadala, si kwa kumuuliza, bali kama watu wanavyomtazama mwenye msiba kuona kama amekula. Alikuwa ameketi pembeni, mkono wa kulia umefumbata kitu ndani ya mfuko wa shati, wa kushoto umelala juu ya goti. Alitafuta ndani mwake mahali panapouma, hapakuuma. Palikuwa kama ganzi ya jino.

"Haya," alisema.

Ndilo neno lenyewe hilo.

---

Ijumaa jioni dada yake, Habiba, aliyeolewa Kibiti, alimpigia simu.

"Kaka, wa Mloka wameleta posa kwa Zamda. Mudrick, yule mwenye mashamba ya ufuta. Husseini kakake anawajibu kesho baada ya Adhuhuri."

"Haya."

"Usiniambie haya. Ile barua ulisoma?"

"Ilisomwa."

"Nimeuliza wewe."

Sadala alikata simu. Asubuhi ya Jumamosi alikwenda kwa mwalimu Abbasi kuomba ile karatasi, akaiweka ndani ya mfuko wa nailoni isilowe, akapanda boti ya kwanza. Nyamisati alichukua bodaboda. Vumbi la njia lilimwingia machoni, hakupangusa. Saa tano alikuwa mbele ya duka la steshenari la Zamda, pembeni mwa soko la Kibiti, ubao wake umeandikwa kwa mkono: TUNACHAPA BARUA, TUNATOA KOPI, PASPOTI SAIZI.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tatu na wa kumuuliza hayupo. Wa kumuuliza siku zote hayupo. Zamda alikuwa nyuma ya meza, anajipepea kwa jalada la faili. Mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mweusi wa kung'aa, mtandio wa kijani umemwangukia mabegani. Alimwona Sadala mlangoni. Jalada lilisimama hewani, kisha likaendelea kupepea.

"Karibu. Kopi au kuchapa?"

"Zamda."

"Kama kuchapa usubiri, umeme hakuna."

"Nimekuja kwa ajili ya barua."

"Ya nane?"

"Yako."

Alimtazama mara moja, haraka, jicho likakimbilia kwenye kompyuta iliyozimika. Lakini Sadala alikuwa ameliona, na lilikuwa jekundu.

"Kaa," alisema.

Sadala akaketi. Kiti kikayumba, kisha kikatulia.

"Nani alisoma?"

"Mwalimu Abbasi."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Mbele ya watu wangapi?"

"Wazee wanne. Na wapita njia."

Zamda alicheka kidogo, cheko la mtu aliyemwagikiwa na maji baridi. "Basi habari za feni yangu zimefika mpaka kwa wauza kaa. Niliandika nini juu ya bahasha?"

"Afungue mwenyewe."

"Nikaongeza nini?"

"Peke yake."

"Na wewe ukawa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo." Aliweka jalada chini taratibu. "Kakangu alipigiwa simu pale mbele yangu. Akasikiliza, akaniambia, wamesema mwanamke anayeandikia maiti wamwachie mwenye dawa ya kichwa. Nikamuuliza, Sadala amesemaje? Akauliza. Unajua aliambiwa nini? Sadala amesema haya."

"Ndivyo nilivyosema."

"Haya maana yake nini?"

Sadala alifikiri. Alitaka kusema kweli, na kweli ilikuwa haina umbo. "Mie sisikii kitu, Zamda. Wiki iliyopita nimekanyaga kisiki cha mkoko, kimeingia mpaka ndani. Nikatazama damu inatoka, nikasema, kumbe. Hivyo tu. Wakisema kaa, nakaa. Wakisema posa, sawa. Wakisema imerudishwa, haya."

Mteja mmoja alichungulia, mama mwenye mtoto mgongoni, akauliza picha. Zamda akamwambia umeme. Mama akaguna, akaondoka zake akiwataja wenye umeme kwa jina lisilofaa.

"Itoe," Zamda alisema.

Aliitoa karatasi kwenye nailoni.

"Soma."

"Mie wa darasa la nne."

"Najua. Barua zako saba nimechapa mie. Soma."

Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, kama anayepita juu ya gogo. Alipofika katikati akasimama.

"Silielewi. Halina vina."

"Wewe mkata mikoko. Ukipewa nguzo ya mkoko uipime, unaanza wapi?"

"Unaanza kwenye shina. Unatazama imekaaje, imepinda wapi. Halafu unagonga. Yenye uwazi ndani ina mlio wake."

"Sasa hiyo gonga."

Sadala aliangalia karatasi, kisha akagonga kweli, kwa ukucha, kwenye mstari wa kwanza. Zamda aliuma mdomo asicheke, maana alikuwa hajamsamehe.

"Hapa," alisema Sadala. "Husika na kichwa cha habari. Kwa nini umeandika kama wao? Mie nikisikia maneno haya mwili unajua kabla ya mie kujua. Unajikunja."

"Kwa sababu ndizo barua ulizosubiri miaka miwili. Kila ukija unauliza, zilizobaki zimejibiwa? Nami natikisa kichwa. Nikasema, japo moja imfikie, ya namna ileile, yenye mtu ndani."

Sadala akasogeza kidole.

"Mkono wa kushoto. Wazee wamesema ni tusi."

"Wa kulia ulikuwa na nini?"

Mkono wa kulia ulikuwa palepale ulipokuwa siku zote, mfukoni, umefumbata kadi ya kliniki ya Mwanamina, iliyokunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa.

"Mara saba umekaa hapo," Zamda alisema, sauti imeshuka. "Unaeleza habari zako, mkono wa kulia hautoki. Nikajua ule una mwenyewe. Mie siwezi kuomba mkono wenye mwenyewe. Huu mwingine ulikuwa unauacha hapa mezani kama mwavuli. Nikasema, huu labda atanipa."

Sadala aliutazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa mezani. Hakukumbuka kuuweka.

"Mashine," alisema. "Mara ya tano uliniambia mbovu. Nilikaa mpaka Alasiri."

"Uliniletea maandazi."

"Haikuwa mbovu?"

"Nilichomoa waya kwa mguu."

Kitu kilipita usoni pa Sadala, kikapotea kabla hakijawa tabasamu. "Na barua ya sita niliirudisha. Nikasema haina tarehe, hawataipokea. Nikapanda boti mara mbili kwa sababu ya tarehe."

"Nisamehe nauli."

"Na kiti." Akakiyumbisha kidogo alichokalia, kigae kikalia sakafuni. "Kiti si kiti."

Zamda alikitazama kigae.

"Kiti ni wewe. Uliachika. Watu wanasema Zamda ana mguu mfupi, ndiyo maana hakukaa kwa mume. Unaniambia nitayumba kwanza."

Zamda aligeuza uso, akashughulika na mtandio ambao haukuwa na tatizo. "Hilo sikukusaidia," alisema. "Hilo umeliona mwenyewe."

"Bado la mwisho."

"Bado."

"Watu wameniambia ni uchawi. Umemwita marehemu."

"Wewe unaonaje?"

Aligonga mstari ule wa nakala. Akagonga tena. "Mwanamina alikuwa hapendi mtu aingie jikoni mwake bila hodi," alisema polepole. "Hata mamangu alikuwa anasimama nje kwanza."

"Sikumjua," Zamda alisema. "Nimemjua kwa kuchapa. Mara saba nimechapa jina lake, na saa aliyofariki, na kijiji. Ningeingiaje kwake bila kumwambia?"

Hapo ndipo Sadala alipotarajia kulia. Alingoja. Hakikuja kitu, ila masikio yalifunguka kidogo, kama ya mtu aliyetoka kuzamia: alisikia soko, kinu cha kusaga, kuku.

Mlango ukatiwa kivuli. Husseini, kakake Zamda, fundi baiskeli, mikono myeusi kwa grisi, alisimama akiwatazama.

"Shemeji," alisema. "Samahani, si shemeji tena. Nimesahau nani alirudisha nini."

"Kaka Husseini, asalaam alaikum."

"Waalaikum salaam. Umekuja kutoa kopi?"

"Kaka," Zamda alisema.

"Sina ugomvi. Nauliza biashara. Wa Mloka wako nyumbani kwangu, wameshakunywa chai mara mbili. Mudrick ana ekari kumi na tano za ufuta, ana nyumba ya bati, na wazee wake wakipewa barua hawaitangazi kijijini."

"Ekari kumi na tano tembo wameshakula saba," Zamda alisema.

"Nane zimebaki. Huyu ana nini? Ana kadi." Husseini alijuta palepale, ikaonekana, akajifuta mikono kwenye suruali. "Nisamehe, ndugu yangu. Lakini huyu ni dada yangu mmoja. Alishaachwa kwa talaka ya kwenye simu, kwa meseji. Nikamchukua hapa stendi na sanduku lake. Juzi nikapigiwa simu, akatupwa tena kwa simu. Sasa nipe sababu moja niwaambie wale wangoje. Moja tu. Sina haja ya baba yako mdogo, sema mwenyewe."

Sadala alisimama. Hakuwa mtu wa maneno. Hata kwenye harusi yake ya kwanza alisemewa. Alinyoosha karatasi mezani, akaishika isipeperuke.

"Hii si barua ya kukataa," alianza. "Wazee wamekosea, na mie nimekosea kuliko wao kwa kuwa nilikuwepo. Ameandika kama mkubwa, lakini mkubwa hasemi uongo wake mwenyewe. Huyu ameusema. Amesema alichomoa waya nikae. Amesema hakuandika tarehe nirudi. Mkubwa hataji hata siku moja alichokifanya. Hapa amesema nilikuja na matope, na hakuniambia nifute. Mkono wa kushoto si tusi, ni kwamba wa kulia ameuachia mwenyewe. Hakuutaka wote, kaka Husseini. Ametaka uliobaki. Na kiti, amejisema aibu yake kabla mtu hajamsema, ili nisije nikadanganywa. Na chini kabisa amepiga hodi kwa mke wangu. Miaka miwili nimepeleka jina la Mwanamina kwenye maofisi, hakuna aliyeliandika kwenye jibu. Wanaandika *marehemu tajwa*. Yeye ameliandika lote, na jina la babake. Ndiyo maana halina vina, nadhani. Vina vingelifanya zuri. Halikutaka uzuri. Lilitaka lisimame."

Alishangaa urefu wa maneno yake.

Husseini alikuwa ameegemea mlango, midomo imefunguka kidogo. Alimtazama dadake, akamtazama Sadala.

"Mie nilifika kidato cha pili," alisema. "Tukichambua mashairi darasani hakuna aliyechambua hivyo. Basi. Nawaambia wangoje." Akageuka kutoka.

"Ngoja kwanza, kaka," Zamda alisema.

Naye alikuwa amesimama. Meza ilikuwa katikati yao, na juu yake karatasi. Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hakuyafuta, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Umelisema vizuri. Hakuna ulipokosea hata mahali pamoja. Lakini yote uliyoyasema, Sadala, ni yangu. Mie ndiye niliyechomoa waya. Mie niliyezima feni. Mie niliyepiga hodi. Wazee wako walikuja na posa, wakarudi na posa, wewe uko katikati unasema haya. Wa Mloka siwapendi, lakini Mudrick alikuja mwenyewe, akasimama pale mlangoni, akaniambia neno lake kwa mdomo wake, sikio langu likalisikia. Wewe umenisoma mpaka mwisho. Umenielewa kuliko mtu yeyote. Ninalouliza si kuelewa."

Sadala alitafuta kifuani, mahali pale pa ganzi, akapapasa kama anayepapasa gizani kitanda cha mtu mwingine, asijue kama kuna aliyelala.

Umeme ukarudi. Mashine ya kopi ikanguruma, feni ikaanza kuzunguka, karatasi ikainuka mezani. Hakuna aliyeishika.

"Wewe mwenyewe," Zamda alisema, "unanitaka?"